Mioto Saba Nje ya Kijiji

Wapendwa wa maombi ya Jumatano,

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza mambo mawili: nilikula nini huko India, na ni kweli kijiji chenyewe hakina watu? Nikijibu kwa mdomo huwa naanzia katikati, halafu mmoja wetu ana shifti, tunaachana mlangoni pa kanisa. Kwa hiyo nimeandika. Dada Zuhura wa Tanga atakuta Kiswahili changu kina kokoto. Anivumilie, mimi shule niliishia darasa la nane, na Kiswahili cha Kangundo hakikupitia pwani. Mengine niliyasikia kwa kutafsiriwa, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Habari za visa na tiketi naziruka. Hazina utamu.

Germantown hadi Dulles

Kwa wasiomjua, Ba ni mama mzee ninayemhudumia pale Germantown, nyumbani kwa mwanawe Mahesh. Ba si jina, ni "mama" kwa Kigujarati. Aliletwa Kenya akiwa msichana mdogo, akaolewa na mwenye duka Machakos, akauza unga na mafuta ya taa mpaka nywele zikawa nyeupe, ndipo Mahesh akamleta Marekani. Kiswahili chake ni kile cha nyuma ya kaunta. Siku ya kwanza niliyoingia mle ndani aliniuliza, "Wewe Mkamba?" Nikasema ndiyo, Ba. Akamwambia Mahesh basi, huyu anatosha.

Safari ilitokana na nyumba. Baba yake Ba aliacha nyumba kijijini, mkoa wa Jamnagar, yenye milango ya msaji iliyochongwa maua. Imefungwa miaka na miaka. Kila msimu wa mvua mwenyekiti wa kijiji humpigia Mahesh simu kwamba ukuta umelegea au paa limebonyea, na Mahesh hutuma cha kutengenezea. Sasa amejitokeza mfanyabiashara wa mbao za zamani anayeitaka ile milango na nguzo. Akiinunua ataivunja nyumba. Mimi simlaumu Mahesh. Alimwambia mama yake kwa upole kwamba kule hakuna tena watu, na nyumba isiyo na watu ni ya popo.

Ba alijibu kwamba ataenda kuona kwa macho yake kabla hayajafumba. Wakakubaliana hivi: akikuta mtu wa kuishi mle, nyumba haiuzwi. Asipokuta, atatoa ufunguo mwenyewe, bila kulia.

Na kulikuwa na jambo la pili. Kwao kuna desturi ya kulisha kijiji kizima. Siku hiyo hakuna jiko linalowashwa kwenye nyumba yoyote, wote wanakula pamoja kutoka moto mmoja. Wanaita kufunga moshi. Moshi ukionekana popote, karamu haijatimia, maana kuna mtu hakualikwa. Baba yake Ba aliondoka kwenda Kenya akiwa ameahidi kwamba akifanikiwa atarudi kufunga moshi wa kijiji. Alifanikiwa kiasi. Hakurudi.

Mahesh hakuweza kuacha kazi, mkewe pia. Ndiyo nikachukuliwa mimi.

Siku ya kuondoka ile barabara kuu ya Beltway ilikuwa imesimama kabisa kwa foleni. Mahesh alikuwa akigonga usukani kwa vidole, Ba amekaa nyuma amekumbatia mkoba wenye ufunguo wa nyumba, ufunguo mkubwa wa chuma kama wa gereza. Ule ufunguo niliuhofia kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, lakini ulipita bila neno. Kilichokamatwa ni achari ya embe. Mama mmoja wa ulinzi, Mkongomani kwa jinsi alivyoongea, alisikia tukinong'onezana akaja na Kiswahili chake.

"Maman, hii ni ya maji maji, haiwezi kupita."

"Hii si maji," Ba akasema. "Hii ni embe."

"Najua, Maman. Hata miye walininyang'anyaka pondu, kisamvu ya mama yangu kule Brussels. Nililia."

Ba akamtazama sana yule mama, kisha akamwachia mtungi kwa mikono miwili, kama anayempa mtu mtoto. Tulipokuwa tunavaa viatu akaniambia, "Huyu atakula nyumbani." Nikamweleza kwamba hawaruhusiwi, inatupwa. Hakuniamini, na sikubishana.

Hewani

Ba ni Mjaini, dini ya kale ya India. Hali nyama, hali mayai, hali kitu kilichong'olewa ardhini, hivyo viazi, vitunguu, vitunguu saumu na karoti vyote havipo. Na jua likizama hali tena mpaka asubuhi. Nyumbani hayo nimeyazoea. Sikuwa nimefikiria kwamba angani jua halina adabu.

Tuliondoka giza limeingia, chakula kikaletwa, akakikataa. Kila nilipogeuka aliniuliza kama jua limetoka. Mara moja niliinua kifuniko cha dirisha nikamulikia usoni bwana mmoja aliyelala. Alisema maneno ambayo sikuyaelewa na pengine ni heri. Kulipopambazuka Ba akataka chakula papo hapo, wahudumu wakasema bado. Tukafungua mkoba, tukala chapati zake nyembamba zenye majani ya uwatu, mimi na yeye, makombo yakimwangukia yule bwana. Na tulipotua kule Ghuba kubadilisha ndege, jua lilikuwa linazama tena. Kwa hesabu ya Ba siku ile ilikuwa na mlo mmoja tu. Mimi nilikula kuku, nikageukia upande mwingine kwa heshima.

Ndege ya pili ilichelewa kwa sababu ya ukungu wa Ahmedabad. Tulikaa sana kwenye viti vya chuma. Hapo nilianza kujiuliza kama mimi ndiye mtu wa kumchukua mzee wa watu safari kama ile. Shinikizo lake la damu nilipima, lilikuwa sawa. Langu sikupima.

Treni ya Jamnagar

Treni ilitoka Ahmedabad kwa wakati, nisiwasingizie. Ilisimama baadaye, katikati ya mashamba ya pamba, bila kituo wala tangazo. Watu hawakushtuka. Walivua viatu, wakakunja miguu kwenye viti, vikapu vikafunguliwa. Mama mmoja mwenye karanga za kuchemsha alinijazia mkono, akamuuliza Ba kuhusu mimi. Ba akatafsiri.

"Anauliza una watoto wangapi."

Nikasema, "Wapo."

Ba akatafsiri. Yule mama akauliza tena, akidhani sikusikia. Nikasema tena wapo, namshukuru Mungu. Sasa behewa zima likawa linanitazama, maana nadhani walifikiri labda nimefiwa. Ba akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Akawaeleza, nami baadaye akanieleza alivyowaeleza: kwamba Mkamba hahesabu watoto. Utamuuliza ng'ombe wangapi, atasema zizi limejaa. Utamuuliza watoto, atasema wapo wa kuchota maji.

Ni kweli kwetu ni hivyo. Mtu hahesabiwi kwa kidole kama viazi, ni kumwitia mabaya. Mama yangu alihesabu mafiga tu. Akitaka kujua karamu itahitaji nini, aliuliza ni mioto mingapi inakuja. Najua ni mambo ya kale. Kanisani wanatuhesabu kila Jumapili na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini mdomo ukishazoea njia moja ni vigumu kuupeleka nyingine.

Yule mama wa karanga alisema kumbe hata bibi yake alikuwa hivyo, kila mara alimwacha mtoto mmoja nje ya hesabu ili jicho baya lisimwone. Tukawa marafiki. Treni ikaondoka vile ilivyosimama, bila kusema kwa nini.

Paa la nyumba ya Ba

Kijiji sikitaji jina. Ni kidogo, ukimtaja mmoja umewataja wote.

Tulipokewa na mwenyekiti, Bhikhubhai, mtu mnene mwenye kilemba cheupe na simu mbili. Tulipewa chumba kwake. Asubuhi alitupeleka kwenye nyumba ya Ba. Kufuli liligoma, likatiwa mafuta ya nazi, likagoma tena, kisha likafunguka kwa mlio uliowatoa popo kweli. Mahesh alikuwa na haki upande huo. Lakini ua ulikuwa mzima, na jiko la udongo bado lilikuwa pembeni na masizi yake ukutani. Ba aliyagusa masizi, akajipaka kidogo kwenye kidole.

Tulipanda juu ya paa polepole, Ba katikati yetu. Kutoka pale mwenyekiti alitusomea kijiji nyumba kwa nyumba. Ile ya bluu imefungwa, wenyewe Nairobi. Ile ya ghorofa imefungwa, wako London. Hii mlango umeanguka, wako Thika, au walikuwa. Pale mzee na mkewe, wana wao wanasugua almasi Surat. Pale mjane. Pale vijana watatu wanaenda na pikipiki kila siku viwanda vya shaba Jamnagar, na wote hawajaoa, kwa kuwa wasichana huozwa nje na wa nje hawataki kuja mahali pasipo na kitu. Wachungaji wa ng'ombe wako upande wa kisima. Karatasini, alisema, watu ni zaidi ya mia nne. Watakaolala hapa leo ni kama nusu, na nusu ya hao wana fimbo.

Nilimuuliza Ba watoto wako wapi, maana sikusikia kelele zao. Mwenyekiti akaonyesha shule, chumba kimoja cha rangi ya waridi. Mwalimu wake, Kiranben, alikuwa amekuja kumsalimu Ba. Ni msichana mwembamba mwenye skuta, anayeongea haraka kana kwamba kengele inakaribia kugonga. Watoto wa darasa la kwanza mpaka la tano anawafundisha pamoja, tena wanabaki na nafasi. Wakipungua zaidi, shule itaunganishwa na ile ya ng'ambo ya mto, na mto wenyewe mvua zikinyesha haupitiki.

Ba alisikiliza yote hayo. Aliposhuka ngazi akaniambia, "Mahesh nasema kweli." Hakulia, kama alivyoahidi, lakini ule ufunguo hakuutoa mkobani, aliukamata humo humo ndani. Akamwambia mwenyekiti: kwanza tufunge moshi. Ya nyumba yatakuja baadaye.

Siku ya kufunga moshi

Mpishi aliletwa kutoka mjini. Alitaka idadi, akaambiwa watu mia mbili. Sufuria zikapangwa uwanjani pa shule: wali, dengu, kabichi na njegere, na kitu kitamu cha ngano na samli kinachoitwa lapsi ambacho mimi ningeweza kukila kila siku mpaka nife. Vyote bila vitunguu, na vyote viishe kabla ya jua kuzama, kwa ajili ya Ba.

Asubuhi ile Ba alitaka kupanda tena paani kuhakikisha. Mwenyekiti alimwambia hakuna haja, siku hizi nyumba karibu zote zina gesi, moshi haupo hata siku za kawaida. Ba akasema yeye hakuja kutoka Amerika kuangalia gesi. Tukapanda.

"Mwende, macho yangu si mzuri. Moshi iko?"

"Kijijini hakuna, Ba."

Alinijua. Akauliza, "Na nje?"

Nje ulikuwepo. Kule mbali, ng'ambo ya mashamba ya bizari na ngano, nyuzi nyembamba za moshi zilikuwa zinapanda, moja hapa, nyingine kule, moja kando ya mfereji. Nilimwambia.

"Hii moshi ya nani?"

Mwenyekiti alieleza, na Ba akanitafsiria. Wale si wa kijiji. Ni watu wa milimani mashariki, wanalima mashamba ya wenyeji kwa kugawana mavuno. Wanaishi kwenye vibanda hukohuko shambani. Ikifika sikukuu ya Holi wanarudi kwao, halafu mvua wanakuja tena, labda hawahawa, labda wengine. Hawamo katika hesabu ya hapa. Wanahesabiwa kwao.

Kiranben alikuwa ameketi ngazini. Alisema neno moja fupi, na Ba akanitafsiria. "Mwalimu nasema, kule kwao wanaambiwa wako huku."

Nataka kumtendea haki mwenyekiti. Hakusema kwa dharau. Alisema mpishi amepewa idadi, na wale wakija wengi chakula kitaisha, wazee wa kijiji watarudi na njaa kwenye nyumba zisizo na moto, na lawama itabaki kwake sisi tukiwa tumeshapanda ndege. Hilo lilikuwa kweli. Ba naye akasema moshi ni moshi, baba yake hakuahidi nusu. Walibishana kwa adabu, bhai hivi, ben hivi, yaani kaka na dada, mpaka mwenyekiti akalegea kidogo: mtu aende akaangalie. Wakiwa wachache, waje. Wakiwa wengi, watapelekewa lapsi siku nyingine.

Nikapanda nyuma ya skuta ya Kiranben. Sijui ni kwa nini nilitumwa mimi. Nadhani Ba alitaka macho ya nyumbani.

Vibanda vilikuwa vya fito na plastiki. Mbele ya kila kimoja kulikuwa na mafiga matatu, kama ya mama yangu kabisa, na moto wa mabua ya pamba. Watoto walikimbia kujificha, halafu wakarudi mmoja mmoja kuangalia nywele zangu. Mwanamke mmoja, Savita, alikuwa anapiga rotlo kati ya viganja, mkate mnene wa uwele, pa pa pa, bila kuutazama. Kiranben alimwambia kuna karamu. Savita aliuliza kitu, Kiranben akajibu, akauliza tena kilekile. Baadaye nilimwomba Ba anieleze lilikuwa swali gani. Aliuliza, "Tuje kuosha vyombo au tuje kula?"

Tulizunguka vyote. Kiranben alikuwa bado anazungumza na mama wa mwisho habari za shule, simu yake ikalia, akanipa. Alikuwa Ba, na nyuma yake nilisikia sauti ya mpishi na ya mwenyekiti.

"Mwende, wangapi?"

Nilitazama moshi. Nikasema, "Saba, Ba."

Kisha akasema, "Saba. Sawa." Nikamsikia akitafsiri, na mwenyekiti akijibu kwa sauti nyepesi. Hata mimi nilielewa: saba tu? Waje, waje.

Nawaapia sikukusudia ujanja. Aliniuliza wangapi wanakuja karamuni, nami nikajibu kama mama yangu angejibu. Ni mpaka tuko njiani kurudi, skuta ikirukaruka, ndipo nilipogutuka: mwenyekiti amesikia watu saba. Nilimgonga Kiranben begani nikaanza kumweleza, lakini lugha yetu ya pamoja ilikuwa tabasamu tu, akanirudishia tabasamu.

Walikuja saa ya kula wakipitia kwenye ukingo wa mfereji, msururu mmoja. Wanaume walikuwa wameosha nyuso, wanawake wamevaa sari zao nyangavu, watoto wakubwa wamebeba wadogo. Msururu haukuisha upesi. Watu wa kijiji walikuwa wameshaketi chini kwa mistari, sahani za majani mbele yao, wakageuza shingo zote pamoja. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyenunua mbuzi akaletewa zizi. Mpishi alitazama sufuria zake, akaweka mwiko chini.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwendea Ba nikamwambia, Ba, nimeharibu. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, ametulia kabisa.

Savita alikuwa mbele. Kichwani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa, na wanawake waliomfuata pia. Alipofika mbele ya Ba alikiweka chini akafungua. Zilikuwa rotlo, zimepangwa juu kwa juu, bado zina joto. Akaongea macho chini, Ba akanitafsiria.

"Nasema, mwaliko ulikuja moto ulikuwa tayari umewashwa. Hii ndiyo ile moshi yetu. Tuitupe?"

Nimeishi na Wahindi muda wa kutosha kujua kwamba si kila mtu pale angepokea chakula kutoka kwa kila mkono, na wazee wa mstari wa mbele walikuwa wanaangalia sahani zao. Sisemi ni wabaya. Hata sisi tuna yetu, na mnayajua.

Ba alinyoosha mkono. Alichukua rotlo ya juu, akaimega, akauliza kama ina kitunguu saumu. Savita akasema ni uwele na chumvi tu. Ba akaomba kipande cha sukari guru, akala. Alitafuna polepole kwa sababu ya yale meno, na watu wote walisubiri mpaka akameza.

"Hii ni kama ya mama yangu," akasema, kwanza kwa Kigujarati, kisha kwangu kwa Kiswahili.

Mwenyekiti alijifuta jasho kwa ncha ya kilemba. Halafu akaketi chini, mstari wa mbele, mahali pa wazi, akamwonyesha Savita sahani yake: weka na hapa. Baada yake mikono ikawa mingi. Mpishi akaokota mwiko, akaamuru wali ugawiwe kidogo, rotlo zijaze. Wazee wawili waliondoka bila kula, hilo nalo niliseme. Wengine wote walishiba, na jua lilikuwa bado lina kimo cha mtu.

Niliangalia mashamba. Hakukuwa na uzi hata mmoja.

Jioni nilimkanda Ba miguu nikamwambia sijaelewa. "Ulisikia saba. Mimi nilikusudia mioto."

"Mimi najua. Mimi niliuza unga Machakos. Mkamba akisema saba, Mhindi anaenda stoo kuleta gunia."

"Sasa kwa nini hukumwambia mwenyekiti?"

"Yeye aliuliza wangapi. Mimi nilitafsiri."

Nililala na mzigo hata hivyo. Kesho yake nilimwomba Ba twende kwa mwenyekiti, nikamweleza kila kitu, na desturi yetu, nikaomba radhi. Alisikiliza akizungusha simu zake. Akasema ningesema idadi ya watu angekataa, na angekuwa na haki. Nikamwambia ndiyo, angekuwa na haki. Kisha akauliza, "Lakini rotlo ningekula ya nani?"

Ya nyumba yalimalizika kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga, nijuavyo. Mama mkwe wa Savita ni mzee wa umri kama wa Ba, magoti yamechoka. Kila Holi anabebwa kwenda milimani, kila mvua anabebwa kurudi, na wajukuu pamoja naye, ndiyo maana Kiranben huwaandikisha shuleni na kuwapoteza. Ba alimketisha uani mwa baba yake. Wao wawili hawakuwa na lugha moja vizuri. Ba alimuuliza kama angekaa mle na wajukuu, mwaka mzima, wengine wakienda na kurudi. Yule mama hakusema asante. Alitazama juu.

"Paa linavuja?"

"Kidogo."

"Nyoka?"

"Sijui."

"Basi nitakuja na paka."

Ba akatoa ule ufunguo mkobani. Mwenyekiti alikuwepo, akakohoa, akasema kama wanalala ndani ya kijiji mwaka mzima, basi ni wa kijiji, na yeye mwenyewe atawaandika.

Germantown tena

Kurudi kulikuwa kurudi tu. Ba alilala njia nzima, hakuuliza habari za jua.

Mahesh alitupokea uwanjani Dulles. Tulipofika kwenye Beltway Ba akamwambia habari za nyumba kwa Kigujarati, maneno sikuyaelewa ila niliona mikono ya Mahesh imekaza usukani. Hakufurahi, na sitasema alifurahi. Alikuwa ameshampa yule mfanyabiashara matumaini. Lakini makubaliano yalikuwa makubaliano, na alimpigia simu kesho yake mbele ya mama yake kumwambia milango haiuzwi.

Mvua hazijaanza huko bado. Wiki iliyopita, Holi ikiwa imepita na wengi wa wale watu wamerudi milimani, Kiranben alituma video. Shule ipo mwaka huu, ya mwaka kesho hajui. Tuliitazama pamoja jikoni, mimi, Ba na Mahesh, nje theluji ya mwisho inayeyuka juu ya magari. Unauona ua umefagiliwa. Unamwona paka. Jiko la udongo linawaka, na moshi unapita juu ya mlango wa msaji, unatoka barabarani. Sauti za watoto zinasikika lakini wao hawaonekani, wanapita tu kama vivuli.

Mahesh aliirudisha video mwanzo mara mbili. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake kidogo cha utotoni ambacho sikujua bado anacho, "Sasa hapo ndani iko watu wangapi?"

Nikasema, "Moto mmoja."

Alikunja uso, akataka kuuliza tena. Ba akamwekea mkono juu ya mkono.

"Moto moja ni watu mingi, Mahesh," akasema. "Tengeneza paa."